Nyumba ya Mwizi, Nyuma ya Soko

Ukishuka kwenye lori hapa Kisarawe ukauliza nyumba ya mwizi, huna haja ya kuuliza mara mbili. Muuza samaki wa kwanza utakayemkuta atakuonyesha kwa kidevu, maana mikono yake ina magamba: nyuma ya soko, nyumba yenye makopo yaliyotundikwa barazani. Hapo utamkuta mtu mfupi, kifua kipana, amebana misumari mitatu midomoni, anagonga bati. Mpe salamu. Atakujibu bila kuitoa ile misumari, na utashangaa kwamba umemwelewa.

Huyo ndiye mwizi wetu. Jina lake Kitwana, na tangu aingie mji huu hajachukua hata sindano ya mtu. Nalijua hilo kuliko wote, kwa sababu mimi, Siwema binti Mwinyimadi, ndiye niliyekaribia kumfungisha jela.

Ngoja nikueleze, na usinikatize. Mimi nikikatizwa hukasirika, na mambo yangu nikiwa na hasira utayasikia sasa hivi.

Kitwana ni Mnyamwezi. Alitoka kwao akiwa kijana, akaja kukata mkonge upande wa Ruvu. Akachoka kuchomwa na miiba, akaenda Dar es Salaam, akakaa miaka minne kwa fundi mmoja Mhindi akijifunza kulehemu. Kutoka hapo akawa anazunguka na jiko lake la mkaa: leo Mlandizi, kesho Mzenga, anaziba sufuria zinazovuja na kutengeneza koroboi kwa makopo ya maziwa. Huku kwetu alifuata mke. Zubeda binti Mwinjuma wa Vihingo alikuja kununua koroboi kwake. Kitwana anasema alimpunguzia bei. Zubeda anasema alimpandishia makusudi ili abaki pale wabishane. Vyovyote iwavyo, walibishana mpaka wakaoana.

Sasa, Mnyamwezi kwetu sisi Wazaramo ni mtani. Unaweza kumwita mlafi, mchawi, mtumwa wa babu yako, akacheka, kisha akakurudishia maradufu mbele ya wakwe zako, na wewe ucheke. Anayenuna ndiye mjinga. Basi siku ile ile aliyotua mizigo yake nyuma ya soko, mimi nilipita na mtungi kichwani nikapiga kelele, "Jamani, ficheni kuku, mwizi kaingia!" Naye hata hakuinua uso. "Kuku gani, mtani? Wale waliokonda? Niliwaiba jana, nikawarudisha kwa huruma." Nilicheka mpaka maji yakanimwagikia. Tangu hapo jina likamganda, naye akalivaa kama kofia. Watu walisema, "Nampelekea mwizi sufuria yangu," na hakuna aliyeona ajabu.

Huo ulikuwa utani wetu kwa miaka kumi na moja. Halafu ukaja mwaka wa pili baada ya vita vya Hitla kwisha.

Mwaka ule vitu vilikuwa adimu, we acha tu. Dukani hakuna jembe, hakuna sufuria, kanga moja inavaliwa kwa zamu. Kila nyumba iliishi kwa kuazima. Mwezi huo huo Jumbe Mwinyijuma akamtoa binti yake mwali. Shughuli kubwa, wiki nzima ya ngoma na pilau, na kila mwanamke wa mtaa alipeleka vyombo na kuazima vya mwenzake. Tulicheza, tukala, tukarudi majumbani hoi.

Hazikupita wiki mbili, Biubwa jirani yangu akaanza: pasi yake ya mkaa haionekani. Mwingine beseni. Mwingine shoka. Mume wangu Mfaume akakosa kuku watatu asubuhi moja. Na mimi, nilipotaka kupika khitma ya marehemu mama, nikakuta mahali pa sufuria yangu kubwa pamebaki duara la vumbi tu. Sufuria ile aliniachia mama mwenyewe. Nililia, kisha nikaacha kulia nikaanza kutukana.

Mji ukaingia hofu. Sisi tuliozoea kuegesha mlango kwa kipande cha kuti tukawa tunautia gogo. Biubwa alilala na mchi kando. Akinamama walienda kisimani wanne wanne, mmoja akibaki nyuma kutazama njia. Jumbe akaweka walinzi wa zamu kila njia ya mtaa, na amri kwamba yeyote atakayeonekana na furushi baada ya magharibi akamatwe. Karani wake, Twalibu, kijana wa shule mwenye kalamu mbili mfukoni, akaambiwa aandike orodha ya wizi wote ipelekwe boma. Akazunguka nyumba hadi nyumba. Wizi kumi na tisa kwa miezi mitatu! Bagamoyo yenyewe haikuwa na mambo hayo, alisema Twalibu, na sisi tukashika vichwa.

Na angalia vilivyopotea: pasi, beseni, shoka, sufuria. Chuma na bati. Watu wakaanza kutazamana. Nani hapa mjini anayekata bati na kuyeyusha risasi? Mtu mmoja tu. Mwanzo walinong'ona. Mimi sijui kunong'ona.

Nilimwendea barazani kwake mchana kweupe, na Twalibu yuko hapo hapo na daftari lake, amekuja kuzibiwa tundu la kopo lake la wino. "Kitwana," nikamwambia, "sufuria ya mama yangu iko wapi?"

Alidhani nimekuja kwa utani kama siku zote. Kwa nini asidhani? Akabana misumari vizuri midomoni akasema, "Sufuria yako? Nimeiiba, nimeikatakata, nimetengeneza koroboi ishirini, na nimewauzia nyinyi wenyewe mpate kuuona ujinga wenu."

Siku nyingine ningekaa chini nikacheka. Siku ile damu ilinipanda. Nikamgeukia karani. "Umesikia, Twalibu? Kakiri kwa kinywa chake. Andika!"

"Niandike?" akauliza Twalibu.

"Andika! Ama kalamu hizo mbili ni za pambo?"

Akaandika. Wallahi akaandika neno kwa neno, na mimi nikaweka dole gumba. Nilimwona Kitwana akiitoa ile misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaiweka kwenye kopo.  Nikaondoka nimenyanyua kichwa, mjinga mimi.

Karatasi haijui utani. Ilifika boma, na majibu yakarudi siku ya tatu: Jumamosi fundi Kitwana aletwe na polisi wawili, kwa kuwa amekiri. Jumbe alipotusomea habari hiyo, watu waliguna. Wengine walisema afadhali, tutalala. Mimi nilisema afadhali kuliko wote, lakini nikazunguka njia ndefu nisipite barazani kwake. Mwizi wa utani akienda jela, anakwenda kweli.

Jumanne hiyo, watu tumejaa, Zubeda alikuja kwenye baraza la Mwalimu Mwishehe, anayefundisha watoto wetu Kurani. Alikuja amefunga mkanda, uso mkavu. "Mwalimu," akasema, "mume wangu hajaiba. Naomba isomwe Halbadiri. Aliyeiba adhurike yeye, na kama ni Kitwana, adhurike mbele ya macho yangu."

 Unajua Halbadiri si jambo la mchezo. Yakishasomwa majina yale ya watu wa Badri, na ubani unafuka, mwenye kitu cha watu tumbo humvimba, au hupotewa na akili, au hufa. Wazee wetu walitusimulia na sisi tunaamini. Mwalimu akasema, "Ijumaa baada ya swala nitasoma. Mwenye kitu cha mtu akilete hapa barazani kabla ya adhana. Akikileta, hasomewi. Na vikionekana vitu, Jumbe atakuwa na la kueleza boma."

"Isomwe!" tulipiga kelele wote. Na sauti kubwa ilikuwa ya nani? Usiniulize.

Alhamisi adhuhuri nilipanda uchagani kuteremsha mahindi. Nikanyoosha mkono nyuma ya kikapu, nikagusa kitu kizito kimefungwa kwenye kanga yangu ya zamani. Nikakifungua.

Pasi ya Biubwa.

Mama yangu! Nikaketi kwenye ngazi. Nilikumbuka yote kwa mara moja: asubuhi ya mwali, mimi nanyoosha kanga kwa pasi iliyonijia mkono kwa mkono, naitwa haraka, naiweka pasi juu watoto wasiungue, nakwenda kucheza. Nikasahau kabisa. Biubwa akalia kwamba ameibiwa, nikalia naye, tena nikamsaidia kutukana. Miezi mitatu mwizi alikuwa amekaa juu ya kichwa changu, na mimi ndiye mwenye nyumba.

Nilimwita Mfaume. Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Aliitazama pasi, akanitazama mimi. "Itupe chooni," akasema. "Nani atajua?"

"Tumbo langu litajua," nikasema. Nilishaanza kulishika. Kila likiguruma naona linavimba.

"Basi subiri giza, umwekee mlangoni kwake."

"Na walinzi je? Nikikamatwa na furushi?"

 Na hapo kwenye ngazi ndipo nilipomfikiria Kitwana, badala ya tumbo langu. Nikiitupa hii pasi chooni, karatasi ile yenye dole gumba langu inabaki ilivyo. Jumamosi atapita hapa na pingu, na Zubeda nyuma yake, na mimi nitakuwa nimekaa ndani na gogo langu mlangoni, salama kabisa. Nilijichukia, nakwambia kweli. Nilikaa pale nikalia mpaka Mfaume akaenda kuteremsha mahindi mwenyewe.

Ijumaa asubuhi nilioga, nikavaa kanga safi, nikaifunga pasi kwenye ile ya zamani nikatoka. Baraza la Mwalimu lilikuwa limejaa. Jumbe kwenye kiti, Twalibu na daftari, chetezo cha ubani tayari. Kitwana alikaa mkekani amevaa kanzu, na midomo yake ilikuwa mitupu. Sikuwahi kuiona bila misumari. Alionekana mzee.

"Shikamoo, Jumbe. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Siwema. Una nini hapo?"

Nilitaka kusema taratibu, lakini mdomo wangu haukufundishwa hivyo. "Nina pasi ya Biubwa!" Nikaifungua, nikaiweka mkekani, ikalia ngwi. "Haikuibwa. Niliiazima siku ya mwali, nikaisahau uchagani kwangu. Nikapiga kelele za mwizi, nikamsingizia Kitwana, nikamwandikisha karani maneno ya utani kana kwamba ni ushahidi. Mwizi wa pasi ni mimi. Andika, Twalibu. Leo andika vizuri."

 Nilimwona Biubwa akija kutoka kwa akinamama, nikafumba macho nikingoja kofi, na nilikuwa radhi nalo. Kofi halikuja. Nikafumbua. Biubwa amesimama mbele yangu, jasho linamtoka, na chini ya kwapa lake kuna kitu kimefungwa kwenye mkeka.

"Shoga," akasema kwa sauti ndogo, "na mimi nina beseni la mke wa Mwalimu."

Mwalimu Mwishehe akajikuna ndevu.

Loo, basi ikawa kama mlango umefunguka. Mwingine akatoa shoka kwenye kikapu cha muhogo. Mwingine alikuwa amekalia sinia, akainuka. Wote walikuwa wamekuja na furushi, kila mtu amelificha akidhani ni yeye peke yake, na usiku hawakuweza kurudisha kwa ajili ya wale walinzi wetu wenyewe! Vitu vya shughuli ya mwali, vyote. Vilibadilishana nyumba siku ile ya mwisho, kila mtu hoi na usingizi, kisha kila mtu akaona chake hakipo na cha mwenzake hakukiona.

Nikawa natafuta kwa macho, sufuria yangu haipo.  Mara wanawake wawili wanatokea nyumbani kwa Jumbe, wameshika masikio ya sufuria huku na huku, na mke wa Jumbe anatembea nyuma yao ameinamisha kichwa. Sufuria ya mama! Imejaa mbegu za mahindi za Jumbe mpaka juu. Jumbe mwenyewe aliitazama kama mtu anayemtazama mkwe wake aliyelewa.

"Kumbe nilikuwa nachota humu kila siku," akasema.

Kicheko cha kwanza kilikuwa cha Zubeda. Alicheka huku analia, akashindwa kusimama, tukamshika. Kisha baraza zima likaangua. Mimi nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mtungi kichwani baada ya mlima. Nililigusa tumbo langu. Bapa. Alhamdulillahi, bapa kabisa.

Twalibu alipiga mistari kwenye orodha yake. Katika kumi na tisa, kumi na saba vilikuwa pale mkekani. Kuku wa Mfaume waliliwa na kicheche, maana baadaye manyoya tuliyakuta nyuma ya choo. Kilichobaki ni shati la Twalibu mwenyewe, na hilo mpaka leo halijulikani, na mpaka leo ananitazama kwa jicho la pembeni. Mwalimu alikizima chetezo. "Tusome Fatiha," akasema, "tukaswali."

Jumamosi nilikwenda boma pamoja na Kitwana, Twalibu na polisi wawili, kwa miguu yangu, nikasema nilivyosema barazani. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, aliuliza mara tatu utani ni kitu gani. Twalibu alimweleza mpaka akalowa jasho. Mwisho Mzungu akamgeukia Kitwana: kama hukuiba, kwa nini ulisema umeiba?

"Bwana," akajibu Kitwana, "yeye ni mtani wangu. Ningekataa angeniona sina adabu."

Bwana Shauri akaichana karatasi. Wale polisi wawili walirudi zao kivulini. Njia nzima ya kurudi nilitaka kuimba, ila haya zilinishika.

Ungedhani yameisha. Hayakuisha. Mji ulikuwa na amani, magogo yaliondolewa milangoni, makuti yakarudi, lakini sisi wenyewe tuliona aibu. Nikipita mbele ya Kitwana nasema kwa heshima, "Habari za asubuhi, Bwana Kitwana." Biubwa naye, "Bwana Kitwana." Hata muuza samaki. Tulikuwa tumempaka matope, sasa tunampitia kwa kunyata.

Siku ya tisa, asubuhi, naona mtu kasimama mlangoni kwangu. Kitwana, na nyundo mkononi, misumari mkononi, midomo mitupu.

"Siwema," akasema, "nina kesi na wewe."

"Karibu, Bwana Kitwana. Nimekosa, najua. Nisamehe."

"Ile nilishasamehe pale mkekani. Kesi yangu ni hii." Akaketi kwenye kizingiti bila kukaribishwa. "Siku tisa watu wananiita Bwana. Bwana! Miaka kumi na moja nimekaa hapa, sijawahi kuwa mgeni hata siku moja. Mlinitukana, mkanilia vyangu, mkaniita mwizi mbele ya mke wangu, nikajua niko kwetu. Sasa mnanisalimia kama mtu aliyeshuka na lori jana. Kwa nini huniiti mwizi, Siwema? Kwani nimewafanya nini?"

Sauti yake ilikatika mwishoni.  Kwanza nilitaka kulia, lakini nikamwona mtu mzima yule amekaa kizingitini kwangu anangoja, nikajua machozi si dawa yake.

Nikashika kiuno. Nikavuta pumzi. "Toka mlangoni kwangu, mwizi we!" nikapiga kelele hata kuku wakakimbia. "Umekuja kuimalizia sufuria yangu? Jamani, ficheni vyombo! Mwizi huyu hapa!"

Kutoka sokoni muuza samaki akaitika, "Mwizi!" Biubwa akatokea na mchi wake, "Mwizi yuko wapi?" Na uso wa Kitwana ukafunguka, wallahi, nikaona amerudi.

"Ilete hiyo sufuria," akasema. "Nitaitia alama, usije ukasema tena imepotea." Nikamletea. Akaipindua magotini akachonga kitakoni kwa msumari, akanionyesha. Alikuwa amechora mdomo, mpana, wazi kabisa.

"Hii ni yako," akasema. "Hakuna atakayekosea."

Sufuria zote za mtaa huu zina alama yake sasa, mchoro wa samaki kwa huyu, jembe kwa yule. Yangu ina mdomo, na pilau ya khitma ya mama niliipikia humo siku ile ile. Kitwana alikula sahani mbili, akaiba ya tatu. Kisha akarudi barazani kwake, akabana misumari mitatu midomoni, akaanza kugonga bati, na mimi niliposikia ule mlio nikajua tumepona.